Kicheko Ndani ya Kurasa: Vitabu Vidogo Vilivyowafanya Watoto Wapende Kusoma



Leo tunaweka pembeni mitandio, hina na mambo ya fungate. Tunazungumza jambo linalokuja baada ya harusi, Mungu akijaalia: mtoto, na siku zile anapoanza kusoma mwenyewe. Kila mama anaijua hatua hiyo. Mtoto ameshamaliza ba, be, bi, bo, bu. Chuoni ameshavuka alifu na anaunganisha herufi. Skuli anasoma ubaoni pamoja na wenzake kwa sauti ya kuimba. Lakini ukimpa kitabu akae nacho peke yake, anasoma mistari miwili, anakifunika, anakwenda zake kucheza. Kusoma anaweza. Sababu ya kuendelea kusoma ndiyo hana.

Sisi ni mafundi wa nguo, walimu hatumo. Ila dukani kwetu wanakuja akina mama na watoto wao kupima nguo za harusi, na kusubiri kwa fundi mnakujua wenyewe. Tumeweka kikapu cha vitabu karibu na benchi. Tumeona kwamba kitabu kinachochakaa upesi, kinachochanika jalada kwa kushikwa, ni kile kinachochekesha. Ndiyo maana tukataka kujua asili ya vitabu hivi: vitabu vidogo vyenye sura fupi fupi na picha kila mahali, vilivyoandikwa kwa mtoto anayeanza kusoma, na vinavyomfanya acheke. Historia yake ina miaka inayojulikana na watu wanaojulikana, na ina funzo kwetu. Funzo lenyewe tunalitanguliza: mtoto hufunua ukurasa wa pili kwa sababu ya kicheko cha ukurasa wa kwanza.

Watoto wenye adabu mno

Twende Marekani, maana huko ndiko kitabu cha namna hii kilikopata umbo tunaloliona leo.

Kuanzia 1930, watoto wengi wa darasa la kwanza kule walijifunza kusoma kwa vitabu vya Dick na Jane, vya kampuni ya Scott, Foresman. Waliovisimamia ni mtaalamu wa usomaji William S. Gray na Zerna Sharp, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu. Ndani yake mlikuwa na kaka, dada, mdogo wao, mbwa, paka, baba na mama, na nyumba safi isiyo na hata kijiko nje ya mahali pake. Maneno yalikuwa machache na yalirudiwa rudiwa mpaka mtoto ayazoee kwa macho.

Kurudia huko kulikuwa na sababu. Tahajia ya Kiingereza ni ya kubahatisha. Herufi ile ile husomwa hivi hapa, kule husomwa vingine, na pengine haisomwi kabisa. Wataalamu wa wakati ule wakaona bora mtoto alione neno zima mara nyingi hadi alitambue kama anavyotambua sura ya shangazi yake. Shida ilikuwa kwenye hadithi. Humo hakuna aliyekosea, hakuna aliyepotea, hakuna aliyevunja kikombe akakificha. Mtoto alisoma maneno yale yale kuhusu watu wasiofikwa na jambo lolote.

Mwaka 1954 mwandishi John Hersey, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kwa kitabu chake juu ya Hiroshima, alitoa makala katika jarida la Life. Aliuliza kwa nini watoto wanakwama katika kusoma. Moja ya lawama zake ilikwenda kwenye vitabu vyenyewe: picha hazina uhai, na watoto waliomo ni wasafi na wenye adabu kupita ukweli. Kwa nini, akauliza, vitabu vya skuli visichorwe na watu wenye mzaha? Akataja baadhi ya majina, na mmoja wao alikuwa Dr. Seuss.

Mwaka mmoja, wanyama wawili

Dr. Seuss jina lake la kuzaliwa lilikuwa Theodor Geisel. Alikuwa ameshachora matangazo ya biashara na vibonzo, na kuandika vitabu vya watoto vilivyojaa maneno ya kubuni mwenyewe. William Spaulding, aliyeongoza idara ya vitabu vya skuli katika kampuni ya Houghton Mifflin, akamwendea na ombi. Alitaka hadithi ambayo mtoto wa darasa la kwanza hataweza kuiweka chini, iliyoandikwa kwa maneno ya orodha maalumu tu, ambayo mtoto wa umri huo anaweza kuyajua.

Dada zetu mafundi mtaelewa alichopewa. Ni kama mteja anakuletea kipande cha kitambaa kisichotosha hata blauzi, anakwambia anataka gauni la bibi harusi lenye mkia. Fundi mvivu atasema haiwezekani. Fundi hodari atakigeuza kile kipande juu chini mpaka aone pa kukatia. Geisel alihangaika kwa zaidi ya mwaka mzima. Machi 1957 kikatoka The Cat in the Hat, hadithi ya paka mwenye kofia, kwa maneno 236 tu.

Tazameni alivyofanya. Alichukua nyumba ile ile ya vitabu vya zamani, kaka na dada, mama katoka. Kisha akamwingiza mlangoni paka mrefu mwenye kofia ya mistari, siku ya mvua, bila ruhusa. Paka anacheza na vyombo, vinaanguka. Samaki ndani ya bakuli anakataza, hasikilizwi. Na mama yuko njiani kurudi. Hakuna mtoto duniani asiyeijua hofu hiyo, na hakuna atakayekubali kufunika kitabu kabla ya kujua kama nyumba itasafishwa kwa wakati. Random House, kampuni iliyokuwa ikikiuza madukani, ikaanzisha mfululizo mzima wa vitabu vya wanaoanza, ukasimamiwa na Geisel, mkewe Helen, na Phyllis Cerf.

Mume wa Phyllis, Bennett Cerf, ndiye aliyekuwa mkuu wa Random House. Yeye akamwekea Geisel dau kwamba hawezi kuandika kitabu kwa maneno 50. Mwaka 1960 kikatoka Green Eggs and Ham, maneno 50 kamili. Chakula kilichomo katika jina la kitabu hicho hakiingii majikoni mwetu, na tutalirudia jambo hilo. Ufundi wake lakini hauna ubishi: mtu mmoja anashikilia kumwonjesha mwenzake chakula, mwenzake anakataa kila ukurasa, na mtoto anasoma maneno yale yale bila kuchoka kwa sababu anataka kujua nani atashinda.

Mwaka huo huo wa 1957 alitoka mnyama wa pili, mpole kuliko paka. Kampuni ya Harper ilitoa Little Bear, hadithi za dubu mdogo na mama yake. Mwandishi wake, Else Holmelund Minarik, alizaliwa Denmark, akahamia Marekani akiwa mtoto, akawa mwalimu wa darasa la kwanza. Aliandika kwa sababu hakuona vitabu vya kumpa mtoto wake na wanafunzi wake. Mhariri alikuwa Ursula Nordstrom. Yeye naye alikuwa ameshasikia kutoka kwa mkutubi mmoja habari ya mtoto aliyeingia maktaba akitaka kitabu anachoweza kusoma mwenyewe, kwani sasa amejua kusoma. Little Bear kikawa cha kwanza katika mfululizo wa I Can Read, yaani naweza kusoma, ambao bado unatolewa hadi leo.

Kitabu cha dubu kilikuwa na jambo jipya ambalo paka hakuwa nalo: orodha ya yaliyomo na hadithi nne, kila moja ikisimama peke yake kama sura ya kitabu cha wakubwa. Msilidharau hilo. Mtoto wa miaka sita anawaona wakubwa wakiweka kialamisho na kusema wamefika sura ya tatu. Ukimpa naye kitabu chenye sura, unampa heshima. Anamaliza moja, anapumua, anatamba kwa wenzake. Kesho anarudi kwa ya pili.

Hadithi ya kwanza humo imetupendeza sisi wa sindano. Dubu mdogo anaona baridi nje kwenye theluji. Mama anamtengenezea kofia. Anatoka, anarudi, bado baridi. Anatengenezewa koti. Anarudi tena. Suruali. Anarudi tena, safari hii anataka koti la manyoya. Mama anamkumbusha kwamba manyoya anayo ya kwake mwenyewe. Anavua vyote, anatoka vile alivyozaliwa, na baridi haimsumbui tena. Mtoto msomaji alishaiona siri hiyo kwenye picha tangu mwanzo, na raha yake kubwa ni kumshinda dubu kwa akili. Mchoraji alikuwa kijana wa Brooklyn aitwaye Maurice Sendak, ambaye baba yake alikuwa mshona nguo za kike huko New York. Alimvika mama dubu sketi ndefu ya kizamani, pana, yenye kujaa, na katika kila picha unaona mapaja ambayo mtoto angependa kuyakalia.

Kuku aliyevishwa nguo, na kifungo kilichopotea

Njia ilipofunguka, wengine wakafuata. Mwaka 1963 Peggy Parish, mwalimu kutoka South Carolina aliyekuwa akifundisha New York, alitoa Amelia Bedelia, kwa michoro ya Fritz Siebel. Huyu ni mtumishi wa nyumbani anayefanya kila analoambiwa neno kwa neno. Kiingereza hutumia neno moja kwa kumtayarisha kuku wa kupika na kumvisha mtu nguo, basi Amelia akiambiwa amtayarishe kuku, anamshonea nguo. Neno la kufunga mapazia ndilo la kuchora picha, basi anakaa kitako na kuyachora mapazia. Neno la kupunguza mafuta ya nyama ndilo la kuremba, basi anaipamba nyama kwa lesi na utepe. Tajiri wake anataka kumfukuza, lakini pai aliyoioka inamwokoa, maana mkono wake wa jikoni hauna mfano.

Mwaka 1970 Arnold Lobel, mwandishi na mchoraji kwa pamoja, alitoa Frog and Toad Are Friends. Ni hadithi tano za vyura wawili marafiki. Kiingereza kinawatenga kwa majina, yule wa majini na yule wa nchi kavu mwenye ngozi ya chunusi, lakini lugha yetu inawaita wote chura na maisha yanaendelea. Yule wa kwanza ni mchangamfu na mwenye subira. Wa pili ana wasiwasi, anapenda kulala, na hukasirika upesi.

Katika hadithi moja yule mwenye wasiwasi amepoteza kifungo cha koti matembezini. Rafiki yake anarudi naye njia nzima kutafuta. Kila mara wanaokota kifungo, na kila mara si chenyewe: hiki cheusi, kile kina matundu mawili, kile kidogo, kile cha mraba, kile chembamba. Hasira zinapanda. Anafika nyumbani, na kifungo chake kiko sakafuni. Basi anaona haya kwa usumbufu aliompa mwenzake. Anachukua vile vifungo vyote vilivyookotwa, anavishona kwenye koti lake mpaka linajaa, na kesho yake anampa rafiki yake koti lile kuwa zawadi.

Tumeshona vifungo vingi, na hatujasoma hadithi nyepesi kuliko hiyo yenye mzigo mkubwa kama huo. Mtoto anacheka kwa sababu kifungo kilikuwa nyumbani muda wote. Kisha anaondoka na jambo la kumkosea mtu na namna ya kumrudia kwa wema, bila kuhubiriwa. Vitabu vya vyura hao viko vinne, cha mwisho kilitoka 1979. Cha kwanza na cha pili vilipata heshima katika tuzo kubwa za vitabu vya watoto za Marekani, za Caldecott na Newbery. Kitabu cha mtoto anayeanza kusoma kilikuwa kimekaa meza moja na vitabu vya wakubwa zake.

Vipimo vyake

Tukivitandika vitabu hivi mezani kama nguo zilizofumuliwa, tunaona vimekatwa kwa kipimo kimoja. Herufi ni kubwa na nafasi kati ya mistari ni pana. Mstari unakatika pale pumzi inapokatika, si pale karatasi inapokwisha. Maneno yanarudi, lakini kila yanaporudi kuna kitu kidogo kimebadilika. Picha inasema nusu ya habari, na mara nyingi nusu ya kuchekesha. Sura inamalizika kabla mtoto hajachoka.

Kuna faida nyingine ya kicheko ambayo mama anaweza kuitumia leo leo. Mtoto anaweza kusoma kwa sauti nzuri, herufi zote sawa, asielewe hata neno moja. Tunaijua hali hiyo, wengi wetu tulipita huko. Lakini hawezi kucheka mahali pa kuchekesha bila kuelewa. Ukimsikia yuko pembeni na kitabu, kimya, halafu anaangua kicheko, huna haja ya kumpa mtihani. Ameshajibu.

Haina maana kwamba kila kilichochekesha zamani kinafaa leo. Mwaka 2021 taasisi inayosimamia kazi za Dr. Seuss yenyewe iliacha kuchapisha vitabu vyake sita, kwa sababu vilikuwa na michoro inayowadhalilisha watu wa mataifa mengine, Waafrika wakiwemo. Kitabu cha paka hakikuwa miongoni mwa hivyo sita. Mama ana wajibu wa kufungua kitabu kabla ya mtoto, amtazame nani anachekwa. Dubu anachekwa kwa kusahau kwamba ana manyoya. Chura anachekwa kwa hasira zake. Mtu asichekwe kwa rangi yake.

Yasmin na mama yake

Hapa tunalirudia lile jambo la chakula. Baadhi ya nyumba zetu hazioni tabu kitabu kikimtaja mnyama tusiyemla, kwani picha hailiwi. Nyingine hazipendi, na kila nyumba ina mwenyewe. Lakini chini ya suala hilo kuna jambo zito zaidi. Mtoto wa Kiislamu alikuwa akisoma kitabu baada ya kitabu asiione nyumba inayofanana na yao.

Mwaka 2018 pengo hilo lilianza kuzibwa kwa kitabu Meet Yasmin!, cha Saadia Faruqi, mwanamke aliyezaliwa Pakistan na kuhamia Marekani ukubwani. Mchoraji ni Hatem Aly, mzaliwa wa Misri anayeishi Kanada. Yasmin yuko darasa la pili. Anaishi na baba, mama, bibi na babu katika nyumba moja, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu. Sura ni fupi, picha ni za rangi, na mkasa kila mara ni wa mtoto: ramani, rangi za kuchorea, jengo la kujenga darasani, nguo za mama za kuchezea. Mwishoni kuna maneno ya Kiurdu ya kujifunza, na namna ya kutengeneza kinywaji cha embe na maziwa ya mgando.

Tulichokipenda ni kwamba kitabu hakisimami kueleza Uislamu. Mama anavaa hijabu anapotoka, basi, kama anavyovaa viatu. Habari ni ya Yasmin na matatizo yake. Umbo lililoanza na dubu mwaka 1957 limefika kwa mtoto wa Kiislamu, na halikuhitaji kubadilishwa hata mshono mmoja isipokuwa kumweka yeye katikati.

Na Kiswahili je?

Msidhani kicheko hiki ni cha wageni. Mwaka 1870 ilichapwa London Swahili Tales, hadithi za Kiswahili zilizokusanywa hapa Unguja na Edward Steere, mmisionari aliyekuja 1864 na ambaye baadaye alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini. Hadithi zenyewe si zake, ni za watu wa Unguja waliomsimulia. Ukurasa mmoja Kiswahili, ukurasa wa pili Kiingereza.

Humo yumo Goso mwalimu, anayewasomesha watoto chini ya mti. Paa anapanda kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga Goso, anakufa. Wanafunzi wanatoka kumtafuta aliyemuua mwalimu wao. Wanaushika upepo wa kusi. Upepo unajitetea: ningekuwa na nguvu ningezuiwa na ukuta? Wanakwenda kwa ukuta, naye anamsukumia panya anayemtoboa. Panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, na mnyororo unaendelea hadi unamfikia paa mwenyewe, ambaye hana la kujibu.

Zingatieni umbo lake. Maneno machache, yanarudi, kila yanaporudi kuna mmoja mpya. Mtoto anakisia anayefuata, na akipatia anacheka. Ni kipimo kile kile ambacho Marekani walikuja kukitafuta baadaye kwa orodha za maneno, na bibi zetu walikuwa nacho jioni barazani, bila orodha. Lakini kitabu kile hakikuwa cha watoto wetu. Kilichapwa zaidi kwa ajili ya wageni waliotaka kujifunza lugha yetu. Kicheko chetu kilitiwa kwenye karatasi mapema, kikapelekwa mbali.

Kazi ya kukirudisha ipo, na inaendelea. Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umewasaidia wachapishaji kutoa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili na kuvifikisha skuli. African Storybook, uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa hadithi fupi za picha bila malipo kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na mzazi anaweza kuzichapa mwenyewe. Vingi ni vizuri. Pengo tunaloliona sisi kwenye kikapu chetu ni lile la katikati: kitabu cha kuchekesha, chenye sura nne au tano, cha mtoto aliyeshavuka hadithi ya kurasa nane na hajafika kwenye kitabu cha maandishi matupu.

Anayetaka kuandika asinakili kipimo cha Kiingereza. Kwetu herufi husomeka vile vile siku zote, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kulitamka neno lolote. Hatuhitaji orodha ya maneno 236. Kinachomkwaza mtoto wetu ni urefu wa neno. Tazameni neno moja tu: hatukumsikiliza. Silabi nane, na ndani yake sentensi nzima. Kitabu cha kwanza kikitumia paka, kofia, kuku, mama, samaki, alilia, alirudi, mtoto atakimbia. Akikutana na watakapotutembelea katika mstari wa kwanza, atakaa chini.

Na mzaha tunao tele. Mvuteni Amelia aje huku, mwiteni mnavyotaka, mpeni kazi. Mwambieni apige pasi: anachukua mwiko na kuipiga pasi mpaka inapiga yowe. Mwambieni aunge mchuzi: anatafuta sindano na uzi. Mwambieni atege sikio: anakwenda kuweka mtego mlangoni na sikio lake kama chambo. Hadithi hiyo haiwezi kutafsiriwa kwa Kiingereza, kama ya kuku haikuweza kutafsiriwa kwetu bila maelezo. Ni mali yetu, na bado haijaandikwa.

Kwako, bibi harusi

Tunapofunga sanduku la bibi harusi tunatia kanga, udi, marashi, vitenge na nguo za kulalia. Tia na vitabu vitatu vidogo vya watoto. Vikae. Siku yake ikifika vitakuwa vimeshakuwa sehemu ya nyumba, kama mkeka na mbuzi ya kukunia nazi.

Ukichagua, fungua katikati mtoto asome. Akikwama mara tano katika ukurasa mmoja, kitabu ni kizito, kiweke kwa mwakani. Tazama kama picha ina habari yake au ni pambo. Tafuta chenye sura. Soma wewe sura ya kwanza, yeye ya pili. Na akikitaka kile kile kwa mara ya kumi na mbili, mpe, hata kama umeshachoka nacho. Anarudi pale alipochekea, na kila akirudi anasoma kwa kasi zaidi.

Na wewe ambaye una simulizi za bibi yako kichwani, kaa na daftari. Andika moja kwa maneno mafupi, ikate sura nne, mpe kijana wa mtaani anayejua kuchora. Kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote, msomee mtoto wa miaka saba na umtazame usoni. Pale atakapocheka, usiguse. Pale atakapogeuka kutazama mlango, punguza.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu mpya na watoto watakaokua ndani yake. Wabillahi tawfiq.